Goma: «mlipuko» wa nini?

Mkaaji wa Goma akisikia redioni kwamba kuna mlipuko, bado hajui kama abebe watoto aondoke, alale chini, au abaki nyumbani na kunawa mikono. Neno ni moja. Nyiragongo ikitoa moto, ni mlipuko. Ebola ikiingia, ni mlipuko. Bombe ikianguka, ni mlipuko. Hata bei ya makala ikipanda ghafula, hakosi mwandishi wa kuandika «mlipuko wa bei», ingawa huo angalau hauui mtu siku hiyohiyo.

Kwingine jambo hili lingeachiwa walimu wa lugha. Goma ni jambo la usalama, maana hatari hizo zote zimeshaufikia mji katika miaka michache, na kila moja inadai kitendo chake. Bombe: lala chini. Lava: ondoka. Ugonjwa: usikimbie. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola aliyegunduliwa Goma, tarehe 14 mwezi wa saba 2019, alikuwa amefika kwa basi kutoka Butembo. Ugonjwa huo, uliotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018, uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika mwezi wa sita 2020, na safari za wagonjwa na za watu waliowagusa zilisaidia kuusambaza. Kukimbia, kunakookoa mtu mbele ya lava, hapo kunaua jirani.

Tena neno lenyewe linapotosha hata juu ya volkano. Kulipuka ni kupasuka kwa kishindo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji; mara nyingi hutokea kwenye nyufa za ubavu wa mlima, ikateremka. Mwaka 1977 ziwa la lava lililo juu ya mlima lilimwagika katika muda usiofika saa moja. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ni anga jekundu lililowatoa wengi nyumbani. Anayengoja kishindo kwanza anaweza kuchelewa.

Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi alipoamuru sehemu ya mji ihame, neno lilipata mzigo mwingine: mlipuko wa ziwa. Wataalamu walikuwa wakiongelea gazi. Maji ya chini kabisa ya Ziwa Kivu yameyeyusha gazi kaboniki na metani nyingi sana. Zikipanda ghafula, zinaweza kufunga watu pumzi. Ndivyo ilivyotokea kwenye Ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986, ambapo gazi kaboniki iliua watu wapatao 1,700. Lakini mama aliyeambiwa tu «ziwa linaweza kulipuka» atawaza moto au mawimbi. Hatawaza hewa, wala hatajua kwamba gazi hiyo ni nzito na hushuka mabondeni. Wakaaji kwa maelfu walikimbilia Sake, na huko mashirika ya misaada yakaanza kuwaonya juu ya mlipuko mwingine, wa kipindupindu.

Wasemaji wa serikali, watangazaji na watu wa misaada wanaweza kuacha mtindo huu leo, bila bajeti yoyote. Waseme: lava imetoka, inateremka upande wa Buhene. Waseme: Ebola imeingia, mwenye homa asisafiri. Neno mlipuko libaki kwa bombe na kwa kile kinachopasuka kweli. Wengine watasema kamusi inaruhusu maana zote hizo. Inaruhusu, lakini hakuna anayefungua kamusi saa mbili usiku, umeme ukiwa umekatika na jirani wanapiga kelele.

Kwamba inawezekana, wakaaji wenyewe walishaonyesha. Upande wa Mugunga na Sake kuna mashimo ambamo gazi kaboniki hutoka ardhini na kutuama, haionekani, na mbuzi au mtoto anayeingia humo hufa. Wenyeji wanayaita mazuku. Neno hilo halina kazi nyingine Goma. Mtoto akiambiwa «hapo kuna mazuku», anajua asikanyage. Nao wataalamu wa volkano walilichukua jinsi lilivyo, na leo linaandikwa mazuku hata katika makala za sayansi za Kifaransa na Kiingereza.