Fidla si ya Wazungu Peke Yao

Wako wasemao kwamba fidla si kazi ya Mwafrika. Twawajibu kwa ushahidi. Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, alijifunza fidla Uingereza angali mtoto. Mwaka 1912 Maud Powell, bibi aliyekuwa stadi mno, alipiga Marekani utungo wake, ambamo fidla moja husimama mbele ya vyombo vingi, mara ikishindana navyo, mara ikipatana navyo. Na Unguja, Ikhwani Safaa, chama kilichoanza mwaka 1905, kimeizoeza fidla kuimba tarabu.

Basi kwetu Ngaramtoni kilichopungua si vidole, ila chombo na mwalimu. Twaomba ada zetu zinunue fidla moja kwa ajili ya vijana, kabla ya viti vipya vya baraza.