AFUAYE NGUO ALAUMIWA, ACHANGANYAYE SABUNI HATAJWI



Kila mara maji ya Ghuba ya Winam yageukapo kijani na samaki wakaelea wamekufa, lawama humwangukia mtu yule yule: mama anayefua nguo ufukoni kule Kisumu. Hufukuzwa, beseni lake humwagwa, na watu huona shauri limekwisha. Sisi twasema halikwisha.

Yafaa tujue sabuni ya unga hufanya nini ifikapo majini. Ile dawa inayotoa mafuta katika nguo haichagui. Huondoa pia ute unaokinga matamvua ya samaki, na matamvua ndiyo mapafu yake. Tena sabuni nyingine hutiwa fosfati ili maji magumu yawe laini. Fosfati ni chakula cha mimea, sawa na mbolea ya shambani. Ikiingia ziwani hulisha mwani na magugu maji. Mwani ukifa huoza, na kule kuoza hula oksijeni iliyomo majini mpaka samaki wakose pumzi. Hivyo samaki aweza kufa kwa sabuni asiyopata hata kuionja.

Hatusemi ya kwamba sabuni peke yake ndiyo yenye makosa. Mbolea za mashamba na maji ya vyoo yasiyosafishwa huleta fosfati nyingi pia. Lakini mwenye mashine ya kufulia nyumbani, maji yake hupita bombani chini ya ardhi, na hakuna amwonaye. Maji machafu ya Nairobi huteremka mpaka mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukaingia baharini karibu na Malindi. Je, huko tumfukuze nani?

Dawa ya jambo hili yajulikana. Mito ya Ujerumani Magharibi ilipojaa povu, Serikali ya huko ilitunga sheria mwaka 1961, na tangu 1964 sabuni za unga zenye dawa isiyooza upesi zikakatazwa. Umoja wa Ulaya nao uliweka mpaka: kuanzia tarehe 30 Juni 2013, sabuni ya unga ya kufulia nyumbani isizidi nusu gramu ya fosforasi kwa kipimo cha kufua mara moja. Nguo za kule zingali zatakata, na viwanda vya sabuni vingali vyafanya kazi. Kwa hiyo wenzetu walio katika viwanda hivyo wasituone maadui.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kujua habari za kitu anunuacho. Basi kipimo cha fosfati kiandikwe juu ya kila pakiti, kwa Kiswahili. Serikali iweke mpaka kama ule wa Ulaya. Kaunti nayo ijenge mahali pa kufulia penye mfereji, mbali na ziwa.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Maji ya povu tuyamwage kwenye udongo ulio mbali na ufuko, maana udongo huishika fosfati. Tukumbuke pia ya kwamba samaki wakipungua, mkata minofu kiwandani ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani, wala halipwi siku hiyo.

Na mpaka mahali pa kufulia pajengwe, mama yule aachiwe beseni lake.