Mcheza Kwao Hutuzwa, Je, Nani Humfunza?

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Methali hii hukaririwa kila mwaka wakati wa tamasha za muziki za shule, kisha husahauliwa pindi vikombe vinapowekwa kabatini. Leo hatuna budi kuikumbuka, kwani tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10, suala la nani amfunze mchezaji si la mzaha tena. Mtaala umeweka mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa pamoja na Sayansi ya Michezo.

Hapa Makindu, kama kwingineko nchini, wako wazazi na hata walimu wanaouona mkondo huo wa tatu kuwa jaa la kutupia waliolemewa na hesabu. Sisi twasema kwamba dhana hiyo ni potofu, na isipotahadhariwa itaua vipaji kabla havijachipuka.

Chukua kazi ya mcheza santuri na mtayarishaji wa muziki. Wengi humdhania kuwa kijana asiye na la kufanya, anayepigia watu kelele usiku kucha. Lakini tuwatazame vijana wa kundi la Just A Band, lililoanza mwaka 2003 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Bill Sellanga, ambaye wengi wamjua kama Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu walitunga muziki wa kompyuta ulio na asili yake katika mtindo wa hausi, ule uliozaliwa katika kumbi za dansi za Chicago, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walijirekodia wenyewe na kujitengenezea video. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Mnamo Machi 2010, video ya wimbo wao Ha-He ilimfufua Makmende, shujaa wa masimulizi ya watoto wa mitaani, akaenea katika intaneti kwa namna ambayo Wakenya hawakuwa wameizoea.

Matunda yake hayakukomea hapo. Mbithi Masya aliongoza filamu Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2016. Blinky Bill alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Hawa si watu waliotoroka masomo. Chuo ndicho kilichowakutanisha.

Yafaa pia ieleweke kwamba kazi hii haimwondolei mtu hesabu. Muziki wa hausi aghalabu huenda kwa mapigo yapatayo 120 kwa dakika. Maana yake ni kuwa kila pigo huchukua nusu sekunde, na kipimo cha mapigo manne huchukua sekunde mbili. Mtayarishaji akikosea sehemu ndogo tu ya sekunde, mchezaji ukumbini hujikwaa. Anayerekodi kwa kiwango cha diski ya CD hutumia mashine inayopima wimbi la sauti mara 44,100 katika kila sekunde. Noti ya mitetemo 440 kwa sekunde ikipandishwa oktava moja hufika 880. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kumwamsha mwanafunzi anayesinzia, kwa nini asianzie hapo?

Tukitazama ng'ambo, twaona jambo lilo hilo. Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, Wafaransa waliokuja kujulikana kama Daft Punk, walikutana mwaka 1987 wakiwa wanafunzi katika shule ya Carnot, jijini Paris. Albamu yao ya kwanza, Homework, iliyotoka mwaka 1997, waliirekodi chumbani nyumbani kwa Bangalter. Mwaka 2014 walitwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Hata hivyo, tusisahau kwamba babake Bangalter alikuwa mtunzi na mtayarishaji wa muziki. Mtoto huyo alikuta kazi imo nyumbani. Mtoto wa Makindu ambaye babake huuza matunda kando ya barabara kuu ya Mombasa hana bahati hiyo. Kwake yeye, shule ndiyo itakayoshika nafasi ya mzazi huyo.

Liko somo jingine katika kisa hicho, nalo ni chungu. Wimbo wao maarufu, One More Time, wa mwaka 2000, ulijengwa juu ya vipande vya wimbo wa mwaka 1979 wa Eddie Johns, Mwafrika mzaliwa wa Liberia. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilieleza kwamba mzee huyo, aliyekuwa amepitia maradhi na kukosa makao, hakuwa amelipwa chochote. Malipo yalikwenda kwa kampuni iliyomiliki rekodi ile. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yataka uhamishaji wa haki uwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Msanii asiyeweza kuisoma na kuielewa karatasi anayotia sahihi huuza mali yake gizani. Basi lugha na sheria nazo ni nyenzo za mwanamuziki sawa na ngoma yake.

Wako watakaouliza: je, nchi yahitaji wapiga muziki au madaktari? Swali hilo ni halali, nasi hatudai kwamba kila kijana atapanda jukwaani. Wengi hawatapanda. Lakini redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM, makanisa, misikiti, matangazo ya biashara na filamu, vyote vyahitaji fundi wa sauti aliyefunzwa. Aliyeujua ufundi huo hata jukwaa likimkataa hatalala njaa.

Kwa hivyo twaihimiza Wizara ya Elimu isiuache mkondo wa sanaa uwe jina tupu katika shule za mashambani. Kompyuta moja, maikrofoni moja na hedifoni jozi mbili zatosha kwa kuanzia. Programu kama Audacity hupatikana bila malipo. Serikali ya Kaunti ya Makueni, iliyopewa na katiba jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, ingefaa kuufikiria ufundi wa sauti pamoja na useremala na ushonaji.

Nanyi walimu, msingojee waraka kutoka Nairobi. Wangalipo akina mama wazee wanaoijua ngoma ya kilumi na nyimbo zake. Wapelekeni wanafunzi kwao, waombe ruhusa, warekodi, waandike majina ya waimbaji na kuwapa heshima yao. Kazi hiyo moja itawafunza fizikia, historia, lugha na uadilifu.

Ama kwako mwanafunzi, ukichagua mkondo wa sanaa, usiuchague kwa kuikimbia hesabu, kwani utaikuta imekutangulia studioni.