MAWE YA FIGO: TUSILAUMU MCHELE, TULAUMU KIU

Mgonjwa wa mawe ya figo tunamtambua tangu mlangoni. Ameshika ubavu, hawezi kukaa wala kulala, anatapika na jasho linamtoka. Maumivu huanzia mgongoni chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani. Wengine hutufikia wakiwa wamekwisha kuchanjwa chale, wakidhani ni ngiri au wamerogwa.

Tukiuliza chanzo, majibu huwa yale yale: "Nilikula mchele wenye mawe," au, "Ni maji ya kisima chetu, hata birika limeota chokaa." Sisi wauguzi twaomba tuseme wazi. Kijiwe cha kwenye mchele hupita tumboni na kutoka chooni. Hakina njia ya kufika kwenye figo. Na maji yenye chokaa hayana hatari kama ile ya kutokunywa maji.

Figo huchuja damu na kutoa taka kwa njia ya mkojo. Ndani ya mkojo zimo chembechembe za kalsiamu, oksaleti na asidi ya yuriki. Maji yakiwa ya kutosha, huyeyuka na kutoka. Maji yakipungua, hugandamana punje kwa punje, kama chumvi inavyobaki maji ya bahari yakikauka. Hivyo mkulima, mfyatua matofali na dereva wa bodaboda, wanaoshinda juani bila kunywa maji, wako hatarini.

Zipo sababu nyingine. Chumvi nyingi katika chakula huifanya figo imwage kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Nyama nyingi kila siku huongeza asidi ya yuriki. Maambukizo ya njia ya mkojo yasiyotibiwa vizuri huzaa mawe ya aina yake. Unene wa kupita kiasi nao huchangia, na wengine huwa nayo katika ukoo.

Kuna kosa moja tunaloliona mara nyingi. Mgonjwa akiambiwa jiwe lake lina kalsiamu, anaacha maziwa. Sivyo! Kalsiamu ya chakula huinasa oksaleti utumboni kabla haijafika kwenye figo. Mchicha na karanga zina oksaleti nyingi, lakini ukila pamoja na maziwa au mtindi, hatari hupungua.

Basi, kwa nini watu hawanywi maji? Mama mmoja muuza nyanya alitujibu bila kuficha: hunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, kisha hanywi tena hadi jioni, kwa sababu choo cha soko ni cha kulipia na ni kichafu. Wasichana wa shule nao hutuambia hivyo hivyo. Kumwambia mtu kama huyo "kunywa maji" na kumwacha bila choo ni kumdhihaki. Kwa maoni yetu, ugonjwa huu hauwezi kuachiwa hospitali peke yake. Kamati za shule, viongozi wa masoko, waajiri, na sisi wenyewe katika parokia zetu, tuhakikishe pana choo safi chenye mlango unaofungika, na ndoo ya maji safi ya kunywa.

Nyumbani, kila mtu atazame mkojo wake. Ukiwa wa rangi iliyokolea, kunywa zaidi, mpaka uwe wa njano hafifu. Aliyewahi kupata jiwe anywe kiasi cha kukojoa lita 2.5 kwa siku, maana jiwe hupenda kurudi. Maji ya limau au ndimu bila sukari husaidia pia. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizoshindwa kazi amwulize kwanza daktari.

Mawe madogo, chini ya milimita 5, mengi hutoka yenyewe. Ila maumivu yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, usingoje kesho. Ukiona damu kwenye mkojo, njoo upimwe. Huenda ni jiwe, huenda ni kichocho au ugonjwa mwingine, na kila kimoja kina tiba yake.

Kikombe cha maji ni dawa ya bei ndogo. Tusimnyime mtu nafasi ya kukinywa.