Kesi ya Mtoto Haimalizwi Nyumbani

Nchi yetu, Tanzania, haina upungufu wa sheria za kumlinda mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na cha maisha akimbaka mtoto wa chini ya miaka 10. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 hupigwa bure. Anayeyasoma haya akiwa mbali atadhani watoto wetu wanalala usingizi mnono.

Sasa mfuateni mama siku anapogundua kilichompata binti yake. Kwa uchungu anamwogesha mtoto na kufua nguo zake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ushahidi umo humo. Kituoni anapewa fomu ya polisi, PF3, aipeleke hospitali, na huko anapanga foleni moja na wenye malaria. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na saa hazimngoji daktari. Afisa ustawi wa jamii yupo, ila anakaa makao makuu ya wilaya, ana kata chungu nzima na hana hata pikipiki. Nauli ya kumfuata anatoa mama. Nauli ya mashahidi, mama. Kesi ikiahirishwa mara ya tatu, kuku wote wamekwishauzwa.

Hapo ndipo wajomba na mashemeji wanapoingia na maneno laini: tuelewane, tusiaibishane, huyu ni damu yetu. Kwani mara nyingi mtuhumiwa ni ndugu, jirani au mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi hawakutafuta msaada popote. (Wavulana nao tusiwasahau, aibu huwafunga midomo zaidi.) Basi mbuzi anatolewa, fedha kidogo inapita mkononi, mtoto anapelekwa kwa bibi mkoa mwingine, na mahakama inabaki bila shahidi.

Viongozi hulalamika kwamba wazazi wanaharibu kesi. Ni kweli wanaziharibu, na anayepokea fedha kwa uchungu wa mwanawe anastahili kushtakiwa. Lakini nani aliyemtwika mama kesi ya jinai kama mzigo wa kuni? Kosa hilo ni dhidi ya Jamhuri. Basi Jamhuri ndiyo imlipie shahidi nauli, na ndiyo imfuate mtoto alikofichwa. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo polisi, daktari na afisa ustawi hufanya kazi mahali pamoja, visiishie kwenye hospitali za mijini.

Nasi tusikae kitako. Ukialikwa kwenye kikao cha kusuluhisha ubakaji wa mtoto, usiende kula wali wao. Nenda kituoni ukaandikishe maelezo. Na bajeti ya halmashauri inapoandaliwa, mwulizeni diwani wenu kama kata ina afisa ustawi wa jamii, na ametengewa kiasi gani cha usafiri. Akijibu kwamba fedha hazikutosha, mwulizeni posho za vikao zilitoka fungu gani.