Kiwanja Kiandikwe Jina Langu

Minneapolis, Minnesota

Baba mkubwa, mama, shangazi zangu, na ninyi nyote mtakaosomewa barua hii hapo nyumbani Gitting:

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata. Niliusikiliza mara mbili kwenye basi nikitoka zamu ya usiku. Mnauliza, mwanamke asiye na mume anajenga nyumba ya nini? Na kile kiwanja nilichonunua mwaka huu mnataka kiandikwe jina la kaka, kisije kikatoka nje ya ukoo.

Kuna nyumba pale chini ya barabara ambayo sote tunaijua na hatuitaji. Tofali zake za kuchoma nilizilipia mimi, miaka minne, na bati nikalipia mimi. Hati ya mauziano ina jina la kaka. Simdai, na hasira zimeshaniisha. Alifanya wanavyofanya kaka wengi, akijua dada ataolewa na atakaa kwa mumewe. Sikuolewa. Nikija likizo nalala humo kama mgeni, na siku ya tatu wifi ananiuliza narudi lini.

Kwetu sisi Wairaqw jambo hili lina mizizi. Mama, wewe ndiye uliyenieleza metimani: binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa, hakuruhusiwa kubaki kwa baba yake. Wengi walikwenda kwa majirani zetu Wabarbaig, wakapokelewa na kuolewa huko. Yaani mwanamke alikuwa na nyumba ya baba na nyumba ya mume, na katikati ni njia tu. (Na hao Wabarbaig tunaopenda kuwadharau, wanawake wao walikuwa na baraza lao, girgwageda gademga, lililoweza kumtoza mwanaume mzima faini ya ng'ombe. Sisi tulikuwa na nini?)

Msiseme nimeharibiwa na Wazungu. Bibi mmoja ninayemhudumia hapa alikuwa mwalimu, hakuolewa maisha yake yote. Alipotaka mkopo wa nyumba akiwa kijana, benki ilimwambia alete saini ya mwanaume. Mshahara alikuwa nao. Mwanaume ndiye aliyekosekana. Sheria ya kuzikataza benki za Marekani kumbagua mkopaji kwa jinsia yake au kwa kutokuwa na ndoa ilipitishwa mwaka 1974 tu. Kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew za takwimu za mwaka 2022, kati ya nyumba zilizomilikiwa na watu wasio na ndoa, asilimia 58 zilikuwa za wanawake. Wengi wao ni wajane na waliotalikiana, si matajiri. Bibi huyu anakaa kwake mpaka leo, na mimi ndiye ninayemfungulia mapazia.

Nyumbani kwetu nako njia imeshafunguliwa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mtoto wa ndugu yake akamshtaki kwamba ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke. Holaria alishinda. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999: mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke ni batili, na ombi lake la hati halmashauri ya kijiji inatakiwa kulipima sawa na la mwanaume. Hata kwenye baraza la ardhi la kijiji, kati ya wajumbe saba wanawake wasipungue watatu. Uraia wangu wa Tanzania sijaubadili, kwa hiyo hapo pia hakuna kikwazo.

Baba mkubwa, ulisema karatasi haina maana, nyumba ni ukuta. Lakini tope la Desemba 3, 2023 liliposhuka kutoka mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi, kuta ndizo zilizokwenda. Mimi nilishinda na simu mkononi siku nzima nikiwatafuta, na tangu siku ile siuamini ukuta peke yake.

Kaka namwachia ile nyumba ya chini ya barabara, nimeshamwambia. Hiki kiwanja kipya sikitaki kwa jina la ukoo wala kwa jina la mume nitakayempata kesho. Nikifa, wataamua niliowaandika, na kama mnaniuliza ni nani, ni wale mabinti wawili wa marehemu dada yangu ambao sasa hivi wanalala jikoni kwa mtu.

Mtendaji wa kijiji ameniambia timu ya kupima ardhi itafika baada ya mavuno ya ngano. Majirani wote watatakiwa kuwepo na kuthibitisha mipaka. Baba mkubwa, upande wa kaskazini jirani ni wewe. Tafadhali fika, simama kwenye mpaka, uweke saini.