Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: Mzee Mwenye Magoti Mabovu Aandikiwe Mazoezi

Mheshimiwa Waziri,

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na katika miaka iliyofuata hospitali na vituo vya umma vilifungua madirisha ya wazee ili asiye na uwezo atibiwe bila malipo na asisimame foleni moja na vijana. Hatua hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, mzee anayeumwa magoti aghalabu hutoka dirishani hapo na vidonge vya kutuliza maumivu pamoja na neno moja linalotamkwa kwa huruma, "pumzika", na ni neno hilo ambalo barua hii inaiomba Wizara iliondoe katika vyumba vya matibabu.

Ugonjwa unaozungumziwa ni ostioathraitisi, yaani kulika kwa gegedu, ile tishu telezi inayofunika ncha za mifupa penye kiungo. Haupaswi kuchanganywa na baridi yabisi, ambayo kwa lugha ya tiba ni maradhi yanayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe, ingawa mitaani yote mawili huitwa kwa jina hilo moja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na ostioathraitisi mwaka 2019, asilimia 60 kati yao wakiwa wanawake, na goti ndilo linaloathirika kuliko kiungo kingine chochote.

Husemwa mitaani kwamba goti la mzee limekauka ute, na wapo wanaokunywa maji ya bamia wakitumaini kwamba utelezi wake utafika gotini. Utelezi huo huishia tumboni kama chakula kingine, lakini wanaoutafuta hawajakosea kuamini kwamba kiungo huishi kwa ute. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka katika ute wa kiungo, unaokamuliwa mtu anapokanyaga na kufyonzwa tena anapoinua mguu, mfano wa sponji inayobanwa na kuachiwa ndani ya maji. Kwa hiyo mzee anayekaa kutwa barazani kwa kuliogopa goti lake hulinyima goti hilo chakula, na papo hapo misuli ya mbele ya paja, ambayo kazi yake ni kulishika goti lisiyumbe, husinyaa kwa kukosa kazi, maumivu yakazidi, naye akazidi kukaa.

Anayetaka kuiona hasara hiyo na amtazame bibi akiinuka kwenye kigoda: mkono mmoja hushika ukuta, wa pili hukandamiza goti, mwili hunyanyuka kidogo na kurudi, kisha hunyanyuka tena, na akishasimama hungoja kabla ya kuthubutu hatua ya kwanza. Kwa mtu wa namna hiyo choo cha kuchuchumaa ni adha ya kila siku na sijda huwa ya kukaa kitini. Watoto na wajukuu, kwa heshima waliyofundishwa, humpokea ndoo, ufagio na hata safari ya dukani, wasijue kwamba kila kazi anayopokewa ni zoezi analopoteza. Na lawama si yao, kwa kuwa hakuna mtaalamu aliyewaeleza vinginevyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wa miaka 65 na zaidi, wakiwamo wenye maradhi sugu, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli kwa siku 2 au zaidi na ya kulinda mizani ya mwili kwa siku 3 au zaidi. Denmark imekuwa na mpango wa mazoezi kwa wenye magoti na nyonga mbovu tangu mwaka 2013, ambapo wagonjwa huelimishwa kuhusu ugonjwa wao na kufanya mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6 chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Maumivu kiasi wakati wa zoezi si dalili kwamba goti linaharibika, mradi yapoe ndani ya siku moja, ilhali vidonge kama diklofenaki, vikimezwa kwa muda mrefu, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuathiri figo na kupandisha shinikizo la damu, maradhi ambayo wazee wengi wanayo tayari.

Kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 iliamsha watu, lakini sura yake mitaani imekuwa mbio za pole za vijana na watu wazima wenye afya, na mzee mwenye fimbo hubaki kuwapungia mkono. Inaombwa kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe mazoezi machache ya magoti na nyonga ili wayafikishe majumbani. Kwamba waganga waandike zoezi, idadi na siku kwenye cheti kama wanavyoandika dozi. Na kwamba vitita vya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 vihesabu mazoezi ya vikundi vya wazee kuwa tiba kamili.

Zoezi la kuinuka kitini na kukaa tena, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni kwa anayeweza, halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji kiti kigumu, ukuta ulio karibu, na mtu wa kumwonyesha mzee mara ya kwanza na kusimama kando yake asianguke. Wizara inaombwa ihakikishe kwamba mtu huyo yupo katika kila zahanati nchini.